Mapito si jina jingine la matatizo

Katika sherehe moja ya harusi, mshereheshaji aliwaombea maharusi kwamba Mwenyezi Mungu awaepushe na mapito katika ndoa yao, na ukumbi mzima ukaitikia amina. Alichokusudia kilieleweka kwa kila aliyekuwapo, wala nia yake haikuwa na kasoro, lakini dua yenyewe, ukiisikiliza kwa maana ya maneno yake, iliwaombea watu wawili wanaoanza maisha wasiwe na pa kupita. Matumizi ya namna hii, ya kusema mapito kwa maana ya taabu, nimekwisha kuyasikia mno, katika ibada, katika vipindi vya redio, katika salamu za rambirambi na hata katika maandishi ya watu waliosoma vizuri, na ndiyo maana naona yafaa kulieleza neno hili kwa utulivu.

Mapito ni mahali panapopitwa, pamoja na huko kupita kwenyewe. Mapito ya watu, ya mifugo, ya wanyamapori na ya maji ni pale ambapo hao wote wamezoea kupita. Yakisemwa kuhusu maisha, mapito ni mwenendo wa mtu tangu alikotoka hadi anakoelekea, pamoja na yote aliyokutana nayo humo, ya heri na ya shari.

Asili yake ni kitenzi pita. Kiswahili kina desturi ya zamani ya kuchukua kitenzi, kukitanguliza ma- na kukimalizia kwa -o, na hapo hupatikana jina la mahali jambo linapotendeka. Panapolishiwa mifugo ni malisho, panapochimbwa mawe au dhahabu ni machimbo, wanapojificha watu ni maficho, yanapoegeshwa magari ni maegesho, na zinapokutana barabara ni makutano. Ni kweli kwamba umbo hilohilo hutupa pia majina ya hali na matendo, kama vile mateso, mahangaiko na majuto, na huenda ndiyo sababu sikio la msemaji wa leo limeliweka neno mapito katika kundi hilo. Lakini tazama kitenzi kilichozaa kila mojawapo: mateso yametokana na kutesa, mahangaiko na kuhangaika, majuto na kujuta. Uchungu umo ndani ya kitenzi kabla jina halijazaliwa. Katika kupita hakuna uchungu wala raha, kwa kuwa anayepita anaweza kuwa anakwenda kuzika au anakwenda kuposa, na kitenzi hakimjui. Umoja wa mapito ni pito, nao husikika kwa nadra sana, jambo ambalo naliona ni la haki, kwa maana mahali pa kupita hapaumbwi na mguu uliokanyaga mara moja.

Asiyeamini hilo la mwisho atazame kijia kinachokatiza kiwanja cha shule au shamba lililolala. Mtu wa kwanza alikata kona kwa kuwa alikuwa amechelewa, umande ukaonyesha alama yake mpaka jua lilipopanda, kisha nyasi zikasimama tena kana kwamba hakupita mtu. Walipopita wengi palepale, nyasi zililala zisiamke, udongo ukashindiliwa ukawa mgumu kuliko wa pembeni, mvua ilipokuja maji yakaufuata mfereji huo mdogo, na wapitaji wakaanza kukanyaga ukingoni ili wasichafuke, hata kijia kikapanuka bila mtu yeyote kukusudia kukipanua. Mwenye shamba akiweka matawi ya miiba, wiki haiishi kijia kimekwisha kupinda na kuizunguka. Na hata miiba ikishaoza au kuokotwa kuwa kuni, ile kona hubaki. Baada ya miaka, watoto waendao kuteka maji hufuata kona isiyo na sababu inayoonekana, na hakuna anayeuliza, kwa kuwa kama walivyosema wahenga, njia ya siku zote haina alama.

Kona hiyo ndiyo inayolifanya neno mapito listahili kusemea maisha. Ziko koo ambazo hazijengi upande fulani wa mto au hazikopeshani fedha hata kwa dhiki, na yule aliyekutana na mwiba wa kwanza alikwisha kuzikwa zamani. Anayesema kuhusu mapito ya ukoo huo anasema kuhusu kona hizo zote, zile zilizookoa na zile zinazochelewesha watu bure. Ukilipunguza neno hadi libaki na maana ya miiba peke yake, unaikosa kona, na unamkosa mtu aliyeifuata hadi akafika.

Wengine hudhani kwamba mapito na njia ni neno moja lenye mavazi mawili. Njia ni neno kongwe kupita kiasi, na ndugu zake wametapakaa katika lugha za Kibantu karibu zote: Wanyarwanda na Warundi husema inzira, Wachewa na Wagiriama husema njira, Wakongo husema nzila, wasemaji wa Lingala husema nzela, na Wazulu husema indlela. Kiswahili kiliidondosha ile konsonanti ya katikati, ndipo tukabaki na njia, na katika Kiamu na Kimvita, na katika tenzi zilizotungwa kwa lahaja hizo, neno hilihili ni ndia. Kwa kuwa limeishi muda mrefu hivyo, limebeba kazi nyingi: tuna njia za usafiri, njia za uzazi wa mpango, njia ya kutatua hesabu, na maskini asiyejua la kufanya huambiwa hana njia. Mpima ardhi anaweza kuchora njia kwenye ramani ya viwanja ambavyo bado ni vichaka, na itaitwa njia hata kabla hajapita mtu. Mapito hayachoriki hivyo. Mapito huja baada ya wapitaji, na wapitaji wakikoma, hayakawii kumezwa na majani.

Pwani yetu inalionyesha jambo hili kwa majengo. Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, una njia yake kuu iitwayo Usita wa Mui, na kutoka humo vichochoro huingia katikati ya nyumba za mawe ya matumbawe kwa upana wa kutosha punda mwenye mzigo. Jamaa waliokuwa na nyumba zinazotazamana waliweza kuziunganisha ghorofani kwa chumba kinachoruka kichochoro, kiitwacho wikio, ili watu wa nyumbani wapite kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kushuka mtaani. Chini ya wikio, kivulini, mpita njia aliendelea na safari yake. Walijua kujenga, na walijua kwamba palipopitwa na watu hapazibwi.

Narudi kwenye matumizi ninayoyalalamikia, na hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu wengi wanaosema mapito kwa maana ya taabu wanaamini kwamba wanasema kwa lugha ya Maandiko. Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, inalitumia neno hili mara nyingi na kwa uzuri mkubwa. Zaburi ya 25 inasema, “Ee Bwana, unijulishe njia zako, unifundishe mapito yako.” Mithali 3:6 inasema, “Katika njia zako zote mkiri yeye, naye atayanyosha mapito yako.” Katika Yeremia 6:16 watu wanaambiwa wasimame katika njia kuu na kuulizia habari za mapito ya zamani, ili wapate kujua iliko njia iliyo njema. Na sauti ya nyikani katika Mathayo 3:3 inaagiza, “Itengenezeni njia ya Bwana, yanyosheni mapito yake.” Weka neno mateso au matatizo penye mapito katika kila mstari huo, usome kwa sauti. Hakuna mwenye imani anayemwomba Mungu amfundishe matatizo ya Mungu, wala nabii hawezi kuwatuma watu wakatafute mateso ya zamani ili wapate raha nafsini mwao.

Watafsiri walilihitaji neno hili kwa sababu ushairi wa Kiebrania hupenda kusema jambo moja mara mbili kwa maneno mawili yanayokaribiana, hivyo penye njia palihitajika mwenzake. Katika mstari wa Mathayo, neno la Kigiriki linalosimama mahali pa mapito ni tribos, ambalo limetokana na kitenzi chenye maana ya kusugua, yaani ni njia iliyolika kwa nyayo. Ni vigumu kupata neno la Kiswahili ambalo lingefaa kuliko hili walilolichagua, na inaniuma kuona kazi nzuri kama hiyo ikifutwa na mazoea.

Ukitaka mstari unaotenganisha taabu na kupita kwake, usiende mbali na Zaburi ya 23: “Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya.” Bonde lina jina lake na mabaya yana jina lake. Kupita ndiko kunakomtoa mtu humo. Anayesema kwamba mapito yenyewe ndiyo shida amelikoroga bonde na miguu inayotoka bondeni.

Waislamu wa pwani wamesalimika na mkanganyiko huu kwa kiasi kikubwa. Anayeswali sala tano husoma Suratul Fatiha katika kila rakaa, na rakaa za faradhi kwa siku ni 17, na kila mara anaomba kuongozwa katika njia iliyonyooka, ambayo ni maisha yote ya uchamungu. Twarika, neno tunaloliitia jumuiya kama Kadiria, limetokana na Kiarabu chenye maana ya njia, nalo pia ni mwenendo wa kumwendea Mungu chini ya malezi ya shekhe. Mtu akifikwa na msiba au hasara, husema huo ni mtihani. Njia imebaki njia, na mtihani umebaki mtihani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote naupata katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji penye Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Njia hiyo ilitembewa na wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, pamoja na watu waliofungwa minyororo wakiteremshwa kwenda kuuzwa pwani, na kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba ilikuwa njia nyepesi. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walitoka pwani mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, nao walifuata mapito yaliyokwisha kulika kwa nyayo za wenyeji, kutoka kisima hadi kisima na kutoka kijiji chenye chakula cha kuuza hadi kingine. Waliozoea safari hiyo walikuwa na majina ya sehemu zake ngumu. Nyika iliyokuwa kabla ya kuingia Ugogo waliiita Marenga Mkali, kwa ajili ya maji yake yasiyonyweka vizuri, na ile iliyokuwa baada ya Ugogo, kabla ya kufika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, waliiita Mgunda Mkali, mahali pa kiu ambapo mzigo ulikuwa mzito maradufu. Kisha walifika Unyanyembe, wakapumzika, wakatafuta wapagazi wengine na kuendelea. Mpagazi aliyejua kazi yake hakuiita safari nzima Mgunda Mkali. Aliijua nyika kwa jina lake, akajua inaanzia wapi na inaishia wapi, na maarifa hayo ndiyo yaliyompa nguvu ya kuivuka. Laiti leo mtu aliyefukuzwa kazi au aliyefiwa angeweza kulisema jambo lenyewe kwa jina, badala ya kusema kwamba yuko kwenye mapito, maneno ambayo hayamwambii msikilizaji kama apeleke pole, chakula au wakili.

Sidai kwamba maneno hayabadiliki. Katika njia hiyohiyo ya misafara, watemi wa Ugogo walitoza hongo, nayo ilikuwa ada inayojulikana, iliyopatanwa hadharani kwa nguo, shanga au nyaya za shaba, ili msafara uruhusiwe kupita na kuchota maji. Leo hongo ni rushwa, na mtu akisema ametoa hongo hakuna anayefikiria ushuru wa mtemi. Neno limehama na halitarudi. Lakini hongo ilihama kwa sababu jambo lenyewe lilikufa, watemi wakanyang'anywa mamlaka ya kutoza, na neno likabaki bila kazi. Mapito hayajafa, watu bado wanapita.

Kilichotokea kwenye mapito ni kitu kingine, nacho kinaweza kufuatiliwa. Watu walisema kwa usahihi kabisa kwamba wanapitia magumu, au kwamba wamo katika mapito magumu. Katika shuhuda, mahubiri na nyimbo, msemo huo ulirudiwa mpaka kivumishi kikaonekana hakina haja, kwa kuwa aliyesimama mbele ya watu kutoa ushuhuda alikuwa karibu kila mara anasimulia magumu. Magumu yakadondoka, mapito yakabaki, na uzito wote wa sifa iliyodondoka ukahamia kwenye jina. Njia hiyo ya mabadiliko ni ya kawaida katika lugha yoyote. Ninachosikitikia ni hasara yake, kwa kuwa Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya taabu: tunayo shida, dhiki, mashaka, masaibu, madhila, adha, majaribu, mitihani, na kila moja lina kivuli chake. Neno moja linaloshika pamoja pahala pa kupita na maisha yaliyopita humo tulikuwa nalo hilo tu. Sasa anayetaka kuandika habari za mapito ya marehemu, akikusudia alikozaliwa, alikosoma, aliyemwoa, alichojenga, inambidi ajihami kwanza, la sivyo waombolezaji watatazamia orodha ya mabaya yaliyompata.

Afadhali wahifadhi wa wanyama wamelishika neno kwa maana yake. Kati ya Hifadhi ya Tarangire na Ziwa Manyara kuna eneo liitwalo Kwakuchinja, ambalo tembo, pundamilia na nyumbu hulipita kutoka upande mmoja kwenda mwingine wakivuka barabara ya Makuyuni kwenda Babati, na mapito ya aina hiyo huitwa shoroba katika lugha ya serikali, nazo zilitungiwa kanuni zake Tanzania mwaka 2018. Kule Kenya, barabara ya Nanyuki kwenda Meru iliwakata tembo wa msitu wa Mlima Kenya na nyanda za chini za Ngare Ndare na Lewa, hadi mwaka 2011 lilipofunguliwa tundu la kuwapitisha chini ya barabara, na tembo wakaanza kulitumia. Aliyejenga juu ya mapito ya tembo anajua kwamba neno hili lina maana ya mahali, kwa sababu tembo humkumbusha usiku. Vivyo hivyo kwa aliyejenga kwenye mapito ya maji katika Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam: nyumba inaweza kukaa miaka kadhaa ya kiangazi, lakini masika mazito yakija, maji huja palepale.

Kuna jamaa wawili wa neno hili ambao nao huchanganywa. Mpito ni kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine, ndiyo maana Burundi ilikuwa na serikali ya mpito kuanzia mwaka 2001 na Kongo kuanzia mwaka 2003, na zote mbili zilitarajiwa kukoma. Mapitio ni kulipitia jambo upya ili kulikagua, kama mapitio ya bajeti au ya kitabu. Mtangazaji akisema serikali ya mapito amekosea neno, naye husahihishika kwa urahisi, kwa kuwa hakuna aliyelipenda kosa hilo.

Hili la kusema mapito kwa maana ya taabu limependwa, kwa hiyo linahitaji upole zaidi. Mtu akikuambia kwamba yuko kwenye mapito, hapo si mahali pa somo la sarufi. Mpe pole, kisha umuulize ni jambo gani, umsaidie kwa unachoweza. Lakini unapoandika, au unaposimama mbele ya watu na kipaza sauti mkononi, na unakusudia majaribu, sema majaribu, na ukiwa unakusudia dhiki ya fedha, sema dhiki ya fedha. Na ikiwa moyo wako umekwisha kulizoea neno mapito, lirudishie tu sifa yake iliyodondoka, useme mapito magumu, ili siku nyingine mtu akiyataja mapito mema ya mama yake, wanaomsikiliza wasishtuke.